Dawa ya Sukari Kwenye Mionzi ya Mapafu

Mgonjwa wa sukari wa Malampaka hahitaji kuelezwa metformin ni nini. Ni kidonge cha miligramu 500, cha bei nafuu, kinachomezwa na chakula. Akipata saratani ya mapafu inayohitaji mionzi, hospitali ya kanda yake ni Bugando, Mwanza. Swali la iwapo kidonge hicho kingeipa mionzi nguvu lilipimwa kwa uzito Marekani na Kanada, nami navutiwa zaidi na upimaji wenyewe kuliko jibu.

Dhana ilikuwa na mashiko. Mionzi huharibu vinasaba vya seli, na oksijeni ndiyo hufanya uharibifu huo usirekebishike. Katikati ya uvimbe mkubwa oksijeni huwa haba, hivyo seli za huko husalimika. Metformin hupunguza kasi ya mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni. Seli zikitumia oksijeni kidogo, inayobaki huongezeka. Maabara iliafiki. Rekodi za hospitali nazo zilionyesha wenye kisukari waliotumia metformin wakiishi muda mrefu zaidi.

Mtego uko kwenye rekodi hizo. Daktari hamwandikii metformin mtu ambaye figo zake zimechoka sana, kwa hiyo kundi la watumiaji limeshachujwa kabla ya hesabu kuanza. Tena, ukimwita mtu mtumiaji kwa sababu alianza dawa miezi sita baada ya kugundulika na saratani, maana yake alikuwa hai miezi hiyo yote. Waliofariki mapema wanaangukia upande wa pili. Takwimu zitapendeza hata kama kidonge hakijafanya lolote.

Kinachotegua mtego huo ni kura. Jaribio la NRG-LU001, lililosajili wagonjwa kati ya 2014 na 2016, liliwagawa kwa bahati nasibu watu wasio na kisukari wenye saratani ya mapafu ya hatua ya tatu. Wote walipata mionzi ya greyi 60 pamoja na dawa za kemo, karboplatini na paklitakseli. Kundi moja liliongezewa metformin miligramu 2,000 kwa siku. Waandaaji walikadiria kwamba bila metformin asilimia 50 wangemaliza mwaka bila ugonjwa kusonga mbele, na kwamba dawa ingewafikisha 65.

Matokeo ya watu 167 yalitoka 2021: bila metformin asilimia 60.4, na metformin 51.3. Tofauti hiyo haitoshi kusema dawa ilidhuru. Lakini tazama ile 60.4. Ingeangukia upande wa kidonge, na kundi linganishi lisiwepo, tungeshangilia nafuu ya pointi kumi juu ya makadirio ya asilimia 50.

Jaribio la pili, ALMERA la Kanada, lilifungwa mapema kwa uchache wa wagonjwa, likiwa na 54 tu. Matibabu yalishindwa kwa 18 kati ya 26 waliopewa metformin, dhidi ya 12 kati ya 28. Hesabu ya kushindwa ilijumuisha pia waliokatiza matibabu, na kidonge kinachovuruga tumbo hakimsaidii mtu aliye kwenye kemo. Madhara makali yaliwapata asilimia 53.8 upande wa metformin, na 25 upande wa pili.

Nadhani dozi ndiyo ilikuwa kikwazo: seli za maabara mara nyingi humwagiwa metformin nyingi kuliko inavyoweza kufika kwenye damu ya mtu.

Majaribio yote mawili hayakuwachukua wenye kisukari. Kwa hiyo mgonjwa wa Malampaka anayemeza metformin kwa ajili ya sukari, akipangiwa mionzi Bugando, hana sababu ya kuiacha mwenyewe kwa matokeo haya. Amweleze daktari wa mionzi kwamba anaitumia, na figo zake zipimwe kabla ya kemo.