Ugonjwa wa "Bora Liende"

Ni nadra siku hizi kukaa barazani, iwe pa arusi au pa matanga, pasitokee mtu wa kulalamika kwamba kazi za watu zimeharibika. Mlango mpya haufungiki. Barabara iliyozinduliwa kabla ya masika imekuwa mashimo masika yalipokwisha. Karani amepoteza faili, na mwenye shida huambiwa arudi kesho. Malalamiko haya yana ukweli. Hata hivyo, sisi walimu wa Kiswahili, ambao kazi yetu ni kuyapima maneno, yatupasa tuyapime na haya pia. Yanataja maumivu, lakini hayatambui maradhi.

Maradhi yenyewe lugha yetu imekwisha kuyapa jina. Fundi akiimaliza kazi kwa pupa ilimradi alipwe, twasema ameilipua. Naye akiulizwa, hujibu: "Bora liende." Tuyatazame maneno hayo mawili. "Bora" ni neno la sifa, lakini hapa halisifu kitu; limeshushwa likawa na maana ya "mradi" tu. "Liende" nalo ni kitenzi cha ajabu: ni jambo linaloambiwa liende, wala halitajwi nani alipelekaye. Msemaji hakusema "nilipeleke". Basi katika maneno mawili ubora umevuliwa maana yake, na mtenda kazi amejitoa katika kazi yake.

Wengi huitafuta dawa katika zamani. Husema kwamba wazee walikuwa waaminifu na vijana ni wavivu, kisha mazungumzo hukomea hapo. Hoja hii haitoshi. Tuchukue mfano wa vitabu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilikuwa ikisoma miswada ya vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa. Kamati hiyo ililaumiwa, na kwa haki, kwa kuwakatalia wenyeji wa pwani baadhi ya semi zao. Lakini vitabu vyake havikusanifiwa kwa sababu watu wa zama zile walizaliwa na maadili kuliko sisi. Vilisanifiwa kwa sababu palikuwa na msomaji wa pili, mwenye mamlaka ya kusema "bado". Popote alipoondolewa msomaji wa pili, awe mkaguzi wa barabara au mhariri wa gazeti, "bora liende" huchukua kiti chake.

Waandishi wetu wameliona jambo hili kwa undani kuliko walalamikaji wa barazani. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, nchi haikosi watu hodari. Wajumbe sita walitumwa pande sita, wakataabika safarini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao. Malipo yao yakawa kifungo. Aghalabu kitabu hiki husomeshwa kama kisa cha dhuluma tu. Sisi twaona kwamba ni kisa cha uzembe vilevile. Ufalme unaomfunga mletaji wa habari haujui tena kipi kimeharibika, wala hauwezi kukitengeneza. Ofisi ambayo tarishi huogopa kumwambia mkubwa wake kwamba barua ina makosa ni Kusadikika ndogo.

Penina Muhando, katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, anatuonyesha upande wa pili. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Nia wanayo na nguvu wanazo, lakini kila mmoja anavutwa na lake, na masikilizano hayapatikani. Hapa hakuna mfalme wa kulaumiwa peke yake. Mzigo wa wote umekuwa si mzigo wa yeyote. Tukiviweka vitabu hivi viwili pamoja tunapata fundisho ambalo malalamiko hayakutupa: kazi huharibika pale anayeona kosa anapozuiwa kusema, na pale kila mtu anapongoja mwenzake ashike kamba.

Tuyarudishe mambo haya nyumbani. Hapa Uganda Kiswahili kiliwekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Matangazo na vitabu vya Kiswahili vitahitajika kwa wingi, na haraka ndiyo shamba ambamo "bora liende" huota vizuri. Tayari wako wasemao kwamba Kiswahili hakina wenyewe hapa, kwa hiyo lolote litafaa.

La hasha! Lakini tutenganishe mambo mawili yasiyofanana. Mama muuza ndizi asemaye "kitabu yangu" sokoni hajalipua kazi. Anasema lugha aliyoikuta, anaeleweka, anauza na kununua. Kumcheka ni utovu wa adabu. Aliyelipua kazi ni yule aliyelipwa fedha za umma aandike ubao wa hospitali, asimuulize ajuaye, wala asirudie kuusoma. Kipimo chetu si lafudhi ya mtu wala kabila lake. Kipimo ni hiki: je, mwenye kazi aliipa kazi haki yake?

Na asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vikaoni tu. Zingatia maneno ya karatasi ya dawa: "Kidonge 1 kutwa mara 3." Mwandishi mzembe akiyageuza yakawa "Vidonge 3 kutwa mara 1", hesabu ya siku ni ileile, na sentensi ni fasaha kabisa, lakini mgonjwa amemeza dozi ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Mtoto aliyezoezwa darasani kwamba mpangilio wa maneno ni jambo dogo ndiye atakayeishika kalamu hiyo kesho.

Kwa hiyo kusahihisha daftari si kazi ya ukarani. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu na kuandika "vibaya" amelalamika tu, kama wale wa barazani. Anayeandika upande wa pembeni ni wapi upatanisho umevunjika, akalirudisha daftari, kisha akalitaka tena siku ya pili, amemfundisha mtoto mambo mawili: kwamba kosa lina mahali pake na lina dawa yake, na kwamba yuko mtu atakayeisoma kazi yake mara ya pili. Mwanafunzi naye apewe ruhusa ya kumwonyesha mwalimu kosa ubaoni bila ya hofu, ili darasa lisije likawa Kusadikika. Madaftari ni mengi na mshahara ni mdogo, twajua. Lakini hapo ndipo kazi yetu ilipo.