Kasi, Ukolezi na Kichocheo: Lugha ya Jaribio Moja la Kemia

Jaribio la msalaba utowekao limeenea sana katika kufundisha mwendo wa mimenyuko ya kikemia. Mwanafunzi huchora msalaba juu ya karatasi, huweka juu yake chupa yenye maji ya thiosulfati ya sodiamu, hutia asidi ya hidrokloriki, kisha hutazama kwa juu. Chembe za salfa hutokea, maji huwa kama maziwa, na msalaba usipoonekana tena saa husimamishwa.

Jaribio ni zuri. Kasoro imo katika maneno ya kulieleza. Mwanafunzi akiambiwa "pima kasi", hupewa agizo asiloweza kulitimiza, maana alichonacho mkononi ni muda. Msalaba ukitoweka kwa sekunde 40, na mara nyingine kwa sekunde 80, namba imeongezeka maradufu, lakini kasi imepungua kwa nusu. Kasi hukadiriwa kwa kugawa 1 kwa muda, na hili lafaa kwa sababu tu kiasi cha salfa kifichacho msalaba hakibadiliki, madhali chupa na kimo cha maji ni vile vile. Sababu hiyo isipotajwa, hesabu hubaki kama uganga.

Ukolezi nao watokana na kukolea. Mchuzi uliokolea chumvi umefikia kadiri ipendezayo, na hakimu ni ulimi. Kemia haina kadiri ipendezayo; ukolezi waweza kuwa hafifu mno. Neno lisitupwe, bali lifuatane daima na kipimo chake, yaani moli kwa lita.

Kichocheo kina hatari zaidi. Mchochezi wa ugomvi hukaa kando, wengine wakapigana. Hivyo mwanafunzi hudhani kichocheo hakishiriki. Dhana hiyo si ya Kiswahili peke yake: Berzelius, aliyeipa kani hiyo jina katika miaka ya 1830, aliamini kuwa kuwapo kwake tu kwatosha. Kumbe kichocheo huingia katika mmenyuko, hufungua njia yenye kizingiti kidogo cha nishati, kisha hurudia hali yake.

Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilithibitisha kwamba istilahi zaweza kupatikana. Kazi iliyosalia ni ya sentensi: fasili na maagizo yatakayomwonyesha mwanafunzi ni kipi alichokipima, na ni kipi alichokikokotoa.