Hisabati ya Mhandisi: Kikomo Kwanza au Boriti Kwanza?

Uhakiki huu unahusu somo la utangulizi wa hisabati lifundishwalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ujenzi, kwa desturi tuliyoirithi kutoka shule za Ufaransa na Ubelgiji. Hatulaumu yaliyomo ndani yake, bali mfuatano wake: seti, kikomo, mwendelezo, kisha mteremko wa mchirizo, na mwishoni kabisa matumizi, iwapo muda utabaki. Mara nyingi haubaki.

Mfuatano huo una asili tukufu. Augustin-Louis Cauchy, katika kitabu chake cha 1821 kilichotokana na mafunzo ya École polytechnique, aliweka kikomo na mwendelezo kuwa msingi wa elimu hii. Walakini tusisahau kwamba Cauchy mwenyewe alikuwa mhandisi, aliyefanya kazi kwenye bandari ya Cherbourg kabla ya kushika ualimu. Mwanafunzi wetu anaanzishwa pale ambapo bwana huyo aliishia.

Tutazame boriti iliyolazwa juu ya kuta mbili, ikibeba kilonyutoni 10 kwa kila mita. Ikiwa na urefu wa mita 4, momenti kubwa ya kuipinda ni kilonyutoni-mita 20. Tukiirefusha hadi mita 8, momenti inakuwa 80, yaani mara 4. Lakini kunepa kwake katikati kunazidi mara 16. Kwa nini? Kwa sababu uzito ukijumlishwa kipande kwa kipande huzaa nguvu ya mkato. Nguvu hiyo huzaa momenti. Momenti huzaa mwinamo. Mwinamo huzaa kunepa. Jumla nne zimefuatana, na kila moja imeongeza kipeo kimoja cha urefu. Aliyekariri kanuni tu hajui siri hiyo, aliyeiona hataisahau.

Wengine watapinga kwamba njia hii inadharau uthibitisho. Sivyo. Weka mzigo mmoja mzito katikati ya boriti ile: hapo nguvu ya mkato inaruka ghafla, na mchoro wa momenti unavunjika kona bila kukatika. Ndipo mwanafunzi atakapouliza mwenyewe maana ya mwendelezo, na kwa nini kitu kinaweza kuendelea bila kuwa na mteremko mmoja. Cauchy atakaribishwa kama jibu la swali, wala si kama mgeni asiyeitwa.

Kuna pia jambo la lugha. Somo hutolewa kwa Kifaransa, lakini mwinamo, kunepa na mkato ni maneno ambayo fundi wa Kiswahili anayaelewa bila kamusi. Hatudai kwamba yatosha kwa somo zima. Twadai tu kwamba yangefaa kuwa mlango wake. Mwalimu anayeyaacha nje ya darasa anaacha nje pia macho ambayo mwanafunzi alikuja nayo.

Kwa hiyo basi, twapendekeza boriti itangulie na kikomo kifuate, pasipo kupunguza ukali wa chochote. Anayekosea mtihani hupewa kikao cha pili. Boriti iliyokokotolewa vibaya haina kikao cha pili, na walio chini yake hawakuandikishwa katika somo hili.