"Umeme Mdogo", "Shoti" na "Kuzima": Uhakiki wa Istilahi za Sola Mjini Wete

Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache zitumiwazo na mafundi na wauzaji wa vifaa vya umeme wa jua mjini Wete, Pemba. Si nia yetu kuyahesabu maneno ya kigeni na kuyalilia. Paneli, betri, fyuzi, kontrola na inveta yamekwisha kuingia katika Kiswahili, yamefuata ngeli zake, na mnunuzi anakijua kila kitu kwa jina lake. Tunalouliza ni jingine: je, neno linalotumika lamwezesha fundi kumwonya mwenye nyumba juu ya hatari iliyomo? Kwa kipimo hicho, baadhi ya maneno yaliyozoeleka yameshindwa, na wanaistilahi nao hawajasalimika.

Chanzo cha tatizo hakifichiki. Zamani Pemba ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Mwaka 2010 ikaunganishwa na gridi ya Tanzania Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Hivyo fundi wa Wete leo anashughulika na umeme wa namna mbili: ule wa Shirika la Umeme na ule wa jua. Lugha ya kazi aliizoea katika umeme wa kwanza, kisha akaihamishia kwa wa pili. Maneno yamehama, lakini mambo yenyewe si yale yale.

Tuanze na "umeme mdogo". Hivi ndivyo unavyoitwa umeme wa betri ya volti 12, na msikilizaji huelewa kuwa ni umeme usio na madhara. Ni kweli kwamba volti 12 kwa kawaida hazimdhuru mtu azigusaye kwa mkono mkavu. Lakini kilicho kidogo hapo ni volti, si mkondo. Vifaa vya wati 120 vikitumia umeme wa volti 230 huvuta takriban nusu ya ampea. Vikitumia volti 12 huvuta ampea 10. Mkondo umezidi mara 20 hivi. Na kwa kuwa joto katika waya au kiungo hufuata kipeo cha pili cha mkondo, kiungo kile kile kibovu kitatoa joto mara 400 kuliko ambavyo kingetoa katika umeme wa nyumba.

Neno "mdogo" humshawishi mtu kununua waya mwembamba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukivutwa mita 10 kutoka kwenye betri, una mita 20 za kwenda na kurudi. Mkondo wa ampea 10 ukipita humo hupoteza volti 2.4 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya volti zote. Taa hufifia, na lawama huiangukia paneli au betri. Waya wa milimita za mraba 6 ungepoteza kiasi cha volti 0.6 tu. Aidha, hewa ya chumvi ya pwani huishambulia shaba katika viungo vilivyosokotwa kwa mkono bila kubanwa wala kufunikwa vyema; upinzani huongezeka, na joto pamoja nao. Chini ya paa la makuti hilo si jambo la kupuuzwa. Twapendekeza basi jina lisikatwe: iandikwe na isemwe "umeme wa volti ndogo", na kando yake itajwe ampea.

Neno la pili ni "shoti", ambalo limebebeshwa mizigo miwili. Waya chanya na hasi zikigusana, fundi husema "pana shoti". Mtu akiguswa na umeme, husemwa "kapigwa shoti". Hizi ni hatari mbili, na kinga zake ni mbili. Fyuzi iliyowekwa karibu na betri huzuia moto pale waya zinapogusana, kwani hata betri ya volti 12 yaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla. Lakini fyuzi hiyo haimlindi mtu. Vifaa vilivyokusudiwa kumlinda mtu hukata umeme unapovuja ampea 0.03 tu, kiasi ambacho fyuzi ya ampea 5 haikihisi kamwe. Mwenye nyumba aambiwapo, "Usihofu shoti, fyuzi ipo," huamini kwamba amekingwa na yote mawili, hata akishika waya zitokazo kwenye inveta zenye volti 230. Lugha haina upungufu hapa. "Kupigwa na umeme" na "kunaswa na umeme" yamo vinywani mwa watu. Libakie "shoti" kwa waya zilizogusana peke yake.

La tatu, na pengine la hatari zaidi, ni "kuzima". Mtu akibonyeza swichi ya inveta husema, "Nimezima sola." Kilichozimwa ni inveta. Waya zinazoshuka kutoka paani zina umeme maadamu jua linawaka. Paneli 10 za volti 40 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 400, na hizo si umeme mdogo kwa maana yoyote. Tena huu ni mkondo mnyoofu. Mkondo geu wa nyumbani hupita katika sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ya swichi hupata nafasi ya kufa. Mkondo mnyoofu haupiti katika sifuri; swichi isiyotengenezwa kwa ajili yake yaweza kuendelea kuwaka ndani hata baada ya kufunguliwa. Kuuita moto huo "cheche" ni kuupunguza, na kuuita "tao" ni kulifasiri neno la kigeni bila kuisema hatari. "Ulimi wa umeme" lingefahamika kwa kila azijuaye ndimi za moto. Kadhalika, "kuzima" liachiwe kifaa, na chanzo kisemwe "kutengwa", kwa "swichi ya kutenga".

Lawama nyingine ni yetu sisi wenye kuunda istilahi. Orodha za Tafsiri Sanifu zilizoanza kutolewa na BAKITA katika miaka ya 1970 zilifanya kazi kubwa, lakini ziliweka neno mbele ya neno, pasipo kueleza dhana. Nchini Kenya, kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi katika madaraja T1, T2 na T3. Nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Kote kuwili, onyo humfikia mwenye nyumba kwa maneno ya fundi. Fundi akikosa neno, onyo halifiki.

Kwa hiyo istilahi za kazi hii zisipitishwe mezani kabla ya kujaribiwa mbele ya walimu wa mafunzo ya amali, kama wale wa Vitongoji, na mbele ya wauzaji wa Wete. Jaribio lenyewe ni jepesi: asiye fundi asomewe onyo moja, kisha aulizwe atafanya nini. Akijibu kwamba atagusa, neno hilo lirudishwe kwetu.