Kumpima Max Martin kwa Sikio la Mshairi

Nyimbo zake umezicheza harusini hata kama jina lake hulijui. Max Martin alizaliwa Sweden mwaka 1971, akaanza kama mwimbaji wa bendi ya roki, kisha akaliacha jukwaa na kujifungia studio ya Cheiron, Stockholm, chini ya prodyuza Denniz Pop. Tangu hapo wameimba kazi zake Britney Spears, Backstreet Boys, Kelly Clarkson, Katy Perry, Taylor Swift na The Weeknd. Kwamba nyimbo hizo zimeuza, hilo halina ubishi. Mpenzi wa muziki anataka kujua ipi imetungwa vizuri na ipi imebebwa na matangazo tu.

Anza na mizani. Aliyekulia kwenye mashairi yetu ana faida hapa, maana nane kwa nane imeshamkaa masikioni. Martin naye huhesabu: mshororo ukishapata idadi yake ya silabi, mwenzake sharti ulingane nao, na neno zuri linaloharibu hesabu hutupwa. Ndiyo maana maneno ya I Want It That Way wa Backstreet Boys (1999) ukiyasoma karatasini yanajipinga yenyewe, hujui mwimbaji anataka nini. Yaliandikwa hata maneno mengine yaliyoeleweka, yakarekodiwa, lakini kundi likashikilia yale ya mwanzo kwa kuwa ndiyo yaliyoimbika. Mimi niliyelelewa na taarabu, ambako fumbo lisilofumbuka huonekana uzembe, bado nalihesabu hilo kuwa upungufu. Ila uimbeni wimbo huo bila ala hata moja, watu watatu mkiosha vyombo, muone kama utayumba. Hauyumbi.

Halafu sikiliza kiitikio kinavyoingia. Mtunzi wa kawaida hukitangaza kwa kelele: ngoma zinaongezwa, sauti zinapandishwa, kila upenyo unajazwa. Kwenye Can't Feel My Face (2015) utasikia kinyume chake. Kiitikio kinapofika mara ya kwanza, mdundo unaondoka, The Weeknd anabaki karibu peke yake, na besi inarudi pale tu mwili wako umeshaanza kuidai. Unacheza kwa sababu ulinyimwa. Kuna na hila nyingine, ambayo Martin mwenyewe humsifia Prince kwa ajili yake: sauti ya ubeti na ya kiitikio kuwa ileile, ili kiitikio kikija sikio limeshakizoea bila kujua. Shake It Off wa Taylor Swift (2014) unakwenda kwa kordi tatu tu mwanzo mpaka mwisho. Anayeuita umaskini na ajaribu kushikilia watu dakika tatu na nusu kwa kordi hizo hizo.

Kipimo kigumu zaidi ni mwimbaji. Wimbo wa kumtungia mtu ni kama gauni la fundi: likikaa mwilini, fundi haonekani. ...Baby One More Time ulipelekwa kwanza kwa kundi la TLC, wakaukataa, ukamwangukia Britney Spears, binti wa miaka 16. Demo aliimba Martin mwenyewe. Hata hivyo, noti tatu za kinanda zikishapiga na ile sauti ya Britney ya kukwaruza ikaingia, huwezi kuamini uliwahi kuwa wa mtu mwingine. Sasa tafuta toleo la Travis, bendi ya Scotland, waliourekodi 1999 kwa gitaa na sauti ya unyonge. Mapambo yote yamevuliwa, na sauti ya wimbo bado inasimama, ikiwa na huzuni ambayo rekodi ya awali iliifunika. Wimbo ukiweza kumkaa mmoja sawasawa na bado ukamfaa mwingine kwa hali nyingine, huo umetungwa.

Mwisho soma majina ya watunzi. Yakiwa mengi si dosari, ila yanabadilisha unachokipima. ...Baby One More Time una jina la Martin peke yake, kwa hiyo anayetaka kuusikia mkono wake usiochanganyika aanzie hapo. Blinding Lights (2019) una majina matano, la The Weeknd likiwamo, na kwa sikio pekee sioni nani atakayetenganisha cha huyu na cha yule.