Shilingi 75 kwa Kila Elfu

M-Shwari ilipozinduliwa nchini Kenya Novemba 2012, na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa (leo NCBA), kukopa kuligeuka kazi ya kidole gumba. Hakuna fomu, hakuna mdhamini, hakuna foleni. Historia yako ya kutumia simu na M-Pesa ndiyo iliyokuombea mkopo. Bei ilikuwa moja kwa wote: asilimia 7.5, ulipe ndani ya siku 30. Aliyechukua 1,000 alirudisha 1,075. Malipo hayo hayakuitwa riba, yaliitwa ada, na hapo ndipo penye jambo. Riba huhesabu siku. Ada haizihesabu, na asiyehesabu siku hawezi kujua amenunua pesa kwa bei gani.

Tupige hesabu. Asilimia 7.5 kwa mwezi, mara miezi 12, ni asilimia 90 kwa mwaka. Aliyeshindwa kulipa alisogezewa muda siku 30 nyingine na kutozwa ada tena juu ya deni lililobaki, kwa hiyo ile 1,075 ikawa takriban 1,156. Deni likizaa hivyo mwaka mzima, gharama hupita asilimia 138. Wapo watakaosema hesabu hii ni ya uonevu, maana hakuna anayechukua mkopo wa mwezi ili akae nao mwaka. Lakini matatu ikipita kwa kilomita 100 kwa saa kati ya Nyayo na Bellevue jijini Nairobi, polisi hangoji saa iishe ndipo aseme dereva alikuwa mbio. Kiwango cha mwaka ni kipimo cha kulinganishia tu. Bila hicho, mkopo wa simu na mkopo wa benki haipandi mzani mmoja.

Jina hilo la ada lilikuwa na uzito hata mbele ya sheria. Septemba 2016 Kenya iliziwekea benki kikomo: riba isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ambacho mwezi huohuo kilishuka hadi asilimia 10. Dari ikawa asilimia 14 kwa mwaka. Ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi ikaendelea kutozwa kama kawaida, kwa hoja kwamba si riba. Kikomo chenyewe kiliondolewa Novemba 2019.

Pingamizi zito ni la upande wa mkopeshaji, na sidhani ni haki kulipuuza. Kwa asilimia 14 kwa mwaka, 1,000 iliyokopeshwa mwezi mmoja huleta chini ya shilingi 12. Kwa mkopo mdogo wa shilingi 100, ni kama shilingi moja. Shilingi hiyo ilipie mitambo, ifidie na wale wanaotoroka na deni? Haiwezekani. Mikopo midogo ni ghali kuiendesha, na bei lazima iwe juu ya ile ya mkopo wa nyumba. Nakubali. Ila hoja hiyo inatetea ukubwa wa bei, haitetei umbo lake. Gharama ya kufungua mkopo hutokea mara moja, lakini hatari ya kutolipwa na thamani ya pesa kukaa nje hukua kadiri siku zinavyokwenda. Bei ingeweza kugawanywa sehemu mbili, ada ndogo ya kuanzia na riba ya kila siku, na kila mtu angelipa kwa kadiri alivyotumia.

Kwa bei moja isiyojali siku, anayeumia zaidi ni mlipaji mwaminifu. Chukua mama mboga anayekopa 1,000 alfajiri, anakwenda soko la Marikiti kununua nyanya, jioni ameziuza na kurudisha pesa. Jirani yake anakaa na mkopo kama huo hadi siku ya 30. Wote wawili, kwa masharti ya mwanzo, walilipa 75. Jirani amenunua kila siku kwa shilingi 2.50, mama mboga amenunua siku moja kwa 75. Pengine faida ya nyanya inaivumilia gharama hiyo, na ndiyo maana hukopa tena kesho yake. Kwa asilimia 14 kwa mwaka, shilingi hizo 75 zingemruhusu kukaa na 1,000 hiyo zaidi ya miezi sita.