Uliza Zege Lililala Wapi

Mtu akioneshwa daraja kubwa lililojengwa haraka katika nchi ya barafu, huanza kwa kuhesabu miezi. Hesabu hiyo haimwambii kitu kuhusu ubora. Daraja la zege katika baridi huharibika au hunusurika katika siku chache za mwanzo za kila kipande chake, kwa hiyo swali la kwanza la mjuzi liwe hili: zege hili lililala wapi usiku wake wa kwanza? Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yakiganda ndani ya zege bichi, husukuma mchanga na kokoto vikaachana kabla saruji haijavishika, na nguvu inayopotea hapo yaweza kufika nusu. Hairudi, hata jua liwake mwaka mzima. Ndiyo maana kanuni za wahandisi wa Marekani hutaka zege lilindwe lisigande mpaka lifikie nguvu ya megapaskali 3.5.

Mfano bora ni Minneapolis, jimboni Minnesota. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W lilianguka katika mto Mississippi, watu 13 wakafa. Lililochukua nafasi yake lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku ya mkataba, ingawa ujenzi wake ulipitia kipupwe kizima cha Minnesota. Siri haikuwa mafundi kukimbia. Vipande 120 vya sehemu inayovuka mto vilimwagwa nchi kavu, juu ya barabara ileile iliyokuwa imefungwa, ndani ya mabanda yaliyopashwa joto. Nje kila kitu kimeganda, ndani zege linakomaa kwa mwendo wake. Mwishoni mwa Mei kreni ikaanza kuvinyanyua, na Julai pande mbili zikawa zimekutana juu ya maji. Waliopita pembeni waliona daraja limeota kwa wiki chache, lakini wiki hizo zilikuwa zimelipiwa na miezi ya subira mabandani.

Ubora wa subira hiyo unaonekana kwa macho na mkono. Anza na kona na kingo za kipande, kwa kuwa huko baridi huingia kutoka pande mbili na huko ndiko zege hugandia kwanza. Kona inayomomonyoka ikikwaruzwa kwa ufunguo ni ushahidi tosha. Kisha pitisha kiganja kwenye uso ulio bapa. Kikitoka na unga mweupe laini kama chaki, shuku majiko ya mafuta yasiyo na bomba la moshi: hewa ya ukaa iliyojaa chini ya turubai lililofunika zege hudhoofisha ngozi ya zege bichi. Mkandarasi wa zege hilo alikumbuka joto akasahau moshi. Kwenye misingi minene tatizo hugeuka, kwa sababu saruji inaposhikana hutoa joto lake yenyewe. Moyo ukichemka huku ngozi ikipigwa na upepo wa barafu, nyufa hazikosi. Hapo omba kumbukumbu za vipimajoto vilivyozikwa ndani ya zege. Omba pia matokeo ya sampuli zilizokaa pale pale kwenye ujenzi. Sampuli iliyostarehe maabara haijui lolote kuhusu usiku ule wa mtoni.

Wapo wasemao kwamba kasi yenyewe ndiyo hatari, na huko Minneapolis hoja hiyo ina uchungu wake. Lakini wachunguzi walipolitazama daraja lililoanguka, ambalo lilifunguliwa mwaka 1967, waligundua kwamba mabamba ya chuma yanayounganisha vyuma vyake yalisanifiwa na unene wa karibu nusu ya uliohitajika. Kosa lilikuwa kwenye mchoro, na kazi ya polepole isingeliondoa. Pingamizi zito zaidi ni la maungio: daraja la vipande lina maungio mengi, na kila ungio ni mlango wa maji na wa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi ikifika kwenye nondo, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Nakubali hofu hiyo. Jibu lake ni kumwaga kila kipande kikiwa kimeegemea uso wa jirani yake, ili siku ya kuunganishwa viingiliane kama meno ya juu na ya chini, gundi ya epoksi katikati na nyaya za chuma zikivikaza. Gundi nayo huhitaji joto. Ndiyo maana kuvisubirisha vipande hadi Mei kulikuwa uamuzi mzuri kuliko kasi yoyote. Ungio zuri ni mstari mwembamba, sawia toka juu hadi chini. Likiwa pana hapa na jembamba pale, au limezibwa kwa saruji, usiridhike na maelezo.

Huko Kanada, Daraja la Confederation, lenye urefu wa kilomita 12.9 na lililofunguliwa 1997, lilijengwa kwa fikra hiyohiyo: mihimili ya mita 192, yenye uzito wa takriban tani 7,500, ilimwagwa ufukweni kisha ikabebwa baharini na kreni iliyoelea. Hapo usiishie kutazama juu, kwa kuwa baridi hushambulia vilevile kutoka majini. Shuka kwa macho hadi usawa wa maji, ambako nguzo zimevishwa sketi ya zege yenye umbo la pia, pana chini na nyembamba juu. Barafu ni ngumu sana ikibanwa lakini dhaifu ikipindwa. Mkondo unapoisukuma hupanda mteremko ule, hujipinda kwa uzito wake, huvunjika, na kuporomoka majini.